Siku 908 Angani: Ndege ya Siri ya Marekani Inafanya Nini Huko Juu?

Saa kumi na moja na dakika 22 alfajiri ya tarehe 12 Novemba 2022, chombo chenye pua butu, tumbo jeusi na mgongo mweupe kiligusa njia ya ndege ya Kituo cha Anga cha Kennedy, Florida. Hakikuwa na dirisha hata moja, na hakuna rubani aliyeshuka. Kilikuwa kimekaa angani siku 908. Mtoto aliyezaliwa siku kilipopaa, tarehe 17 Mei 2020, alikuwa ameshajua kutembea, kukimbia na kugombana na wenzake.

Chombo hicho kinaitwa X-37B. Kila kinaporushwa upya, uvumi nao hupaa. Safari yake ya nane ilianza tarehe 21 Agosti 2025, na kama kawaida tarehe ya kurudi haikutajwa. Utasikia kwamba kimebeba bomu la nyuklia, kwamba kimesimama juu ya nchi fulani kinaipiga picha usiku na mchana, kwamba kinafuata kituo cha Wachina, na hata kwamba ndani yake kuna wanajeshi wanaoishi huko kwa siri. Mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba mwananchi wa kawaida ana haki ya kuelewa kinachozunguka juu ya kichwa chake, kwa hiyo tulifungue fundo hili polepole.

Ndege ya anga za juu ni chombo chenye tabia tatu. Hupanda kwa kubebwa na roketi. Kikishafika juu huzunguka dunia kama setilaiti yoyote. Kazi ikiisha hushuka na kutua kwenye barabara ya ndege kwa magurudumu, bila injini ya kukisukuma, kama mwewe anayeteleza bila kupiga mbawa. Setilaiti ya kawaida haina safari ya kurudi: ikichoka huungua hewani au hubaki huko juu kama taka. X-37B hurudi nyumbani na mzigo wake. Hilo la kurudi ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu chombo hiki, ingawa watu wengi hulipita haraka na kukimbilia neno “siri”.

Mradi wenyewe haukuanzia jeshini. NASA, shirika la kiraia la anga za juu la Marekani, iliuanzisha mwaka 1999, mwaka 2004 ukahamia DARPA, taasisi ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na mwaka 2006 Jeshi la Anga likatangaza toleo lake. Mtengenezaji ni kampuni ya Boeing, na vyombo vyenyewe ni viwili tu, vinavyopokezana safari. Siku hizi safari hizo ziko chini ya Jeshi la Anga na Kikosi cha Anga za Juu, kile kilichoundwa Desemba 2019.

Ukisikia “ndege ya kivita ya angani” unaweza kufikiria dude kubwa. Urefu wake ni mita 8.9. Basi la Coaster ni kama mita saba, kwa hiyo hii inalizidi kwa hatua mbili tatu tu. Kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine ni mita 4.5. Chumba chake cha mzigo kina urefu wa mita 2.1 na upana wa mita 1.2. Nenda kwa fundi seremala umwulize kitanda cha nne kwa sita, kisha ongeza futi moja miguuni: hicho ndicho chumba chenyewe. Hakuna kiti, hakuna hewa ya kuvuta, hakuna choo. Wanaosema kuna watu ndani wanapaswa kwanza kutuambia wamelala wapi.

Na hapohapo ndipo kitendawili cha siku 908 kinapoanza kufunguka. Vyombo vya zamani vya NASA vilivyobeba wanaanga, vile vilivyostaafu mwaka 2011, havikuwahi kukaa angani zaidi ya siku 17 na saa kadhaa kwa safari moja. Watu huona pengo kati ya 17 na 908 na kudhani kuna jambo la kutisha. Lakini vile vilikuwa na watu wanaokula, kunywa na kupumua, na umeme wake ulitokana na oksijeni na haidrojeni zilizobebwa kwenye matangi. Tangi likiisha, safari imeisha. X-37B haina anayekula. Ikishafika juu hufungua milango ya mgongoni, hutandaza paneli za sola, huchaji betri zake na kuendelea. Ni tofauti ya jenereta na sola: ya kwanza inakufanya uhesabu lita, ya pili inakuamsha na jua.

Ni kweli kwamba hapo mwanzo jeshi lenyewe lilisema chombo hiki kimeundwa kukaa hadi siku 270. Safari ya kwanza, mwaka 2010, ilidumu siku 224. Ya pili ikavuka kikomo hicho, karibu siku 470. Kisha 674, halafu zaidi ya 715, halafu 780, halafu 908. Ya saba ikashuka hadi 434. Kila iliporefushwa bila maelezo, uvumi ulipata chakula. Nadhani maelezo ya kawaida kabisa yanatosha: chombo cha majaribio kinachoendelea kufanya kazi vizuri huachwa kiendelee, maana kukirusha tena ni gharama, na muda wenyewe ni sehemu ya jaribio.

Bati jipya la kuezekea huwezi kulijua siku ya kulinunua. Dukani yote yanang'aa. Ukiwa Tanga au Malindi, karibu na bahari, unasubiri masika mbili tatu na upepo wa chumvi, ndipo unajua lipi lilipakwa rangi ya kweli na lipi linaota kutu kwenye misumari. Anga za juu ni pwani yenye chumvi kali zaidi. Kila dakika 90 chombo hutoka kwenye jua kali na kuingia kwenye baridi ya kivuli cha dunia, mara kama 16 kwa siku, huku mionzi ikikipiga bila blanketi la hewa. NASA ilipeleka sampuli za karibu aina 100 za malighafi kwenye safari ya nne, iliyoanza Mei 2015, zikaanikwa huko hadi Mei 2017. Safari ya sita ilibeba mbegu ili ionekane mionzi inazifanyia nini, kwa kuwa anayepanga kulima mbali na dunia lazima ajue mbegu yake itaota. Majaribio ya namna hii hayana maana yakikaa wiki mbili. Na bila chombo kinachorudi, bati lako lililokaa pwani ungelisikia kwa redio tu, usilishike mkononi.

Safari hiyohiyo ya sita ilikuwa na jaribio ambalo mimi lilinivutia kuliko yote. Maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji ilifunga kigae kidogo, chenye upande wa sentimita kama 30, kinachopokea mwanga wa jua na kuugeuza kuwa mawimbi ya redio. Wazo ni kwamba siku moja umeme wa jua uvunwe angani, kusiko na mawingu wala usiku mrefu, kisha utumwe chini bila waya. Kigae hicho hakikutuma chochote duniani, kilipima tu kama mageuzi yenyewe yanawezekana huko juu. Haya yalitangazwa na jeshi lenyewe. Siri ipo, lakini si kila kitu ndani ya chumba kile ni siri.

Kuna picha moja inayosambazwa sana ikiwa na maneno ya kutisha. Chombo kimesimama uwanjani, na mafundi waliovaa mavazi yanayofunika mwili mzima, wakivuta hewa kutoka kwenye mitungi yao, wanakikaribia kwa tahadhari. “Wanaogopa nini kama hakuna mionzi ya bomu?” Wanaogopa mafuta. Injini ndogo za chombo hutumia kemikali zinazoweza kuhifadhiwa miaka bila kuharibika, kama haidrazini, na mvuke wake ni sumu kali kwa mapafu na ngozi. Vyombo vya NASA vilivyobeba wanaanga vilipokelewa na mafundi waliovaa hivyohivyo, na hakuna aliyesema vina bomu.

Hoja ya kwamba kinasimama juu ya nchi fulani inahitaji tuelewe kwanza obiti ni nini. Obiti ni njia ya kuzunguka. Ukirusha jiwe linaanguka karibu. Ukilirusha kwa nguvu zaidi linaanguka mbali. Ukiweza kulirusha kwa kasi ya kutosha, juu ya hewa inayolipunguza mwendo, litaendelea kuanguka huku dunia, kwa kuwa ni ya mviringo, ikijikunja chini yake, na halitafika chini. Kwenye kimo cha kilomita 400 kasi hiyo ni karibu kilomita 7.7 kila sekunde. Kwa mwendo huo, Nairobi hadi Mombasa ni chini ya dakika moja. Chombo kilicho chini namna hiyo hakiwezi kusimama juu ya mji wako hata kikitaka. Kikisimama, kinaanguka.

“Mbona dishi la king'amuzi changu halizungushwi?” Swali zuri. Setilaiti za televisheni ziko mbali sana, karibu kilomita 35,786 juu ya ikweta, na huko mzunguko mmoja huchukua siku nzima. Dunia inageuka, na setilaiti inageuka pamoja nayo, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama imepigwa msumari. Safari sita za kwanza za X-37B zilikuwa kwenye obiti za chini. Ya saba, iliyorushwa Desemba 2023 kwa roketi kubwa ya Falcon Heavy, ndiyo iliyoondoka kwenye mazoea: ilipewa njia yenye umbo la yai, ikishuka hadi kama kilomita 320 na kupanda hadi zaidi ya kilomita 38,000. Hata huko haikusimama mahali pamoja.

Tulia kidogo kwenye suala la kugeuka, maana ndilo lililopotoshwa kuliko yote. Mwaka 2019 Heather Wilson, aliyekuwa ametoka tu kwenye uwaziri wa Jeshi la Anga la Marekani, alieleza hadharani kwamba chombo hiki kinaweza kuzunguka kwa njia ya yai na, kikifika karibu na hewa, kikageuka, wapinzani wasijue kitatokea wapi tena. Maneno hayo yakakuzwa hadi watu wakaamini kinakata kona kama bodaboda inayoona foleni.

Chombo cha obiti kinafanana zaidi na treni kuliko bodaboda. Reli yake ni mwelekeo wa ule mzunguko, na kuuhamisha mzunguko mzima kwa nyuzi moja tu kunahitaji kubadili kasi kwa mita 130 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 460 kwa saa. Ukitaka kuuhamisha kwa nyuzi 60 unahitaji nguvu sawa na ile iliyokufikisha kwenye mwendo wa obiti tangu mwanzo, na kwa hilo chombo kizima kingelazimika kuwa tangi la mafuta. Kinachowezekana ni kuigusa hewa nyembamba ya juu kwa tumbo. Mvuvi anayetaka kupunguza mwendo wa ngalawa hutia kasia majini na kulishikilia. Maji hufanya kazi, mikono yake haichoki. Mwishoni mwa mwaka 2024 X-37B ilifanya jambo hilo hasa, ikipita mara kwa mara kwenye ukingo wa hewa ili kuishusha njia yake bila kumaliza mafuta. Mbinu hii inaweza kumfanya anayekisubiri saa nne kamili akute hakipo, kwa sababu kimepita mapema au kitachelewa. Kijeshi hilo lina faida. Lakini si kugeuka nyuma na kuelekea upendako.

Ndiyo maana ule uvumi wa Januari 2012, kwamba kilikuwa kinaipeleleza Tiangong-1, maabara ya China iliyokuwa ikizunguka bila watu, haukusimama. Njia mbili zile zilikuwa na mwinamo unaofanana, na hapo ndipo watu waliposhtuka. Lakini zilikuwa zimepishana, kama barabara mbili zenye mteremko uleule zinazokatana njia panda. Vyombo vikipishana hapo vinapishana kwa maelfu ya mita kwa sekunde. Jaribu kusoma namba ya basi ukiwa kwenye basi jingine linaloikata barabara hiyo kwa kasi ya risasi.

Kuhusu bomu. Mwaka 2021 mkuu wa kampuni kubwa ya silaha ya Urusi alidai kwamba chombo hiki kinaweza kubeba vichwa vitatu vya nyuklia. Kwa uzito pekee, kitu kidogo kinaweza kuingia, sitadanganya. Lakini bomu halidondoshwi kutoka kwenye obiti kama embe kutoka mtini. Ukiliachia, linaendelea kuzunguka kando yako kwa mwendo uleule, na ili lishuke lazima lipunguzwe kasi kwa roketi yake, kisha usubiri njia ipite karibu na unapotaka kupiga. Marekani ina makombora ardhini na kwenye nyambizi yanayoweza kufika upande wa pili wa dunia kwa takribani nusu saa, bila kusubiri mzunguko. Kumpa kazi hiyo mtu anayepita kwa ratiba ni kuifanya iwe ngumu zaidi. Aidha, Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza kuweka silaha za maangamizi kwenye obiti, na Marekani na Urusi zote zimeuridhia. Ni vyema pia tuseme kwamba mkataba huohuo haukatazi silaha za kawaida huko juu, na hilo ni pengo ambalo dunia imelinyamazia mno.

Upelelezi ndiyo hoja yenye uzito zaidi. Mei 2010, majuma machache baada ya safari ya kwanza kuanza, wapenzi wa anga waliipata njia yake bila msaada wa jeshi. Mmoja wa walioiona mwanzo alikuwa Greg Roberts, akiwa Cape Town, Afrika Kusini. Wenzake wa Canada walipopiga hesabu wakakuta inarudia njia ileile juu ya ardhi kila baada ya siku nne, tabia inayojulikana kwa setilaiti za kupiga picha. Kwa hiyo huenda ilibeba kamera au kifaa kingine cha kuhisi. Ila tusifikirie kwamba ndiyo jicho kuu la Marekani. Mwaka 2012 NRO, shirika la setilaiti za ujasusi, liliipa NASA darubini mbili ambazo halikuzihitaji tena, kila moja na kioo chenye kipenyo cha mita 2.4. Kumbuka kitanda chetu: upana ni mita 1.2. Nchi inayogawa bure vioo vya mita 2.4 haitegemei kuiona dunia kupitia chumba cha nusu yake. Ninachoamini mimi ni kwamba X-37B ni meza ya fundi: vifaa vitakavyofungwa kwenye setilaiti za kesho hujaribiwa humo kwanza, vikarudishwa, vikafunguliwa na kuonekana kilichoharibika. Safari ya nane, kwa mfano, ilitangazwa kubeba jaribio la mawasiliano ya leza na kifaa cha kumwezesha chombo kujua kilipo bila kutegemea GPS.

Swali jingine lililopata nguvu huku kwetu ni kama kinaweza kutuangukia. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita kama 2.5 na uzito wa kilo kama 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ilionekana kuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Hofu ya wanakijiji wale ilikuwa ya haki kabisa. Lakini vinavyoanguka ovyo ni mabaki ya namna hiyo, yasiyo na usukani. X-37B imetua salama mara zote saba.

Kinachonisumbua mimi kiko kwenye karatasi zaidi ya kuwa kwenye chumba cha mzigo. Mkataba wa usajili ulioanza kutumika mwaka 1976 unazitaka nchi ziuarifu Umoja wa Mataifa kuhusu kila chombo zinachokiweka angani. Kwenye safari ya tano, iliyoisha Oktoba 2019, X-37B iliachia setilaiti ndogo ambazo ziliingizwa kwenye orodha ya hadhara baada tu ya safari kuisha. Jonathan McDowell, mwanasayansi wa nyota anayetunza kumbukumbu za kila kinachorushwa, alilipigia kelele wazi, na alikuwa sahihi. China nayo ina chombo chake cha aina hii. Mwaka 2020 kilikaa siku mbili, kilichorushwa Agosti 2022 kikakaa siku 276, cha Desemba 2023 siku 268, nacho kimeachia vitu angani kwa maelezo ya mistari michache tu. Mataifa mawili makubwa yanazungusha vyombo vinavyoachia vitu ambavyo wengine hawaelezwi, kwenye anga ileile tunayoitegemea kwa simu, hali ya hewa na kusafirisha pesa. Mgongano mmoja huko hauchagui bendera.

Mpaka serikali hizo zianze kusema, wanaotujulisha ni watu kama yule wa Cape Town. Njia ile ya yai ya safari ya saba nayo iligunduliwa Februari 2024 na mpenzi wa anga, jeshi likiwa kimya. Sisi wa Afrika Mashariki hatuko nje ya uwanja wao: chombo chenye njia iliyoinama nyuzi 40 kutoka ikweta, kama ya safari ya kwanza, hupita juu ya kila nchi iliyo kati ya nyuzi 40 kaskazini na 40 kusini. Wakati wa kukitazama ni ule ambao Moshi mjini kumeshaingia giza ilhali Kibo bado kina jua. Juu zaidi, setilaiti nazo zina jua. Kwa hiyo, saa moja hivi baada ya jua kuzama au kabla ya jua kuchomoza, tafuta nyota inayotembea taratibu, isiyopepesa wala kuwa na taa nyekundu, inayokata anga kwa dakika chache kisha ikafifia ghafla inapoingia kwenye kivuli cha dunia. Andika saa na upande ilikotokea.